Dole Gumba Juu ya Rili

Mmeniletea ile rili ya kuvulia samaki, vijana wangu, mkiwa mmeifunga ndani ya mfuko mweusi kama watu wanaopeleka kuku mgonjwa kwa bwana mifugo. Mnasema mmeiagiza kwa simu, mmetazama video mpaka bando likaisha, mkaenda nayo bwawani, na mrusho wa kwanza tu mshipi ukafumuka ukawa kama nywele za mtu aliyekurupushwa usingizini. Mkaniuliza kama imeharibika. Haijaharibika. Hiyo ndiyo tabia yake, na kwa tabia hiyo nimekula ugali sehemu kubwa ya maisha yangu, kule kwenye kambi ya uvuvi upande wa Nkome, nikiwapeleka wageni ziwani kutafuta sangara kwa fimbo ya kuvulia.

Kwanza msikate mshipi. Kila anayeanza hukimbilia kisu. Kandamiza bobini, hiyo duara iliyoviringishiwa mshipi, kwa dole gumba, kwa nguvu, kisha zungusha mkono wa rili mara mbili tatu huku umekandamiza hivyo hivyo. Achia, vuta mshipi taratibu. Ukikwama, rudia. Vile vitanzi vilivyopandana vitalala chini, na kiota kitafunguka chenyewe. Tulikiita kiota, na kambi nzima ilijua nani amefuga ndege siku hiyo.

Zile rili nyingine, ambazo bobini yake imesimama na mshipi unachomoka kwa mbele, hata mlevi anaweza kurusha. Hii ya kwenu ni tofauti. Hapa bobini yenyewe inazunguka wakati wa kurusha. Samaki wa plastiki, yaani chambo chenu, anaondoka na kasi, anaivuta bobini, inazunguka. Halafu yeye huko hewani anapunguza mwendo, lakini bobini haina habari, inaendelea kumwaga mshipi ambao hauna pa kwenda. Kitu cha kuiambia bobini ipunguze ni dole gumba lako. Breki zipo, nitawaeleza, lakini breki ni msaidizi tu. Kazi ni ya kidole, na kidole chenyewe lazima kiwe kinahisi. Hapo ndipo penye habari yangu yote.

Mimi ni mtoto wa Kishapu, kwa wakulima wa pamba. Maji mengi niliyoyajua utotoni ni ya lambo, na yale tulikuwa tunayagombania na ng'ombe. Nilipopata nguvu nilikwenda Maganzo kutafuta almasi, nikachekecha mchanga mpaka mgongo ukapinda, sikuona kitu. Wenzangu wakasema twende Geita kwenye dhahabu. Nikaenda. Sikuwa na moyo wa kushuka shimoni, kwa hiyo nikakaa mwaloni, pale mawe yaliyosagwa kwenye karasha yanapooshwa. Kazi yangu ilikuwa kuchanganya zebaki. Unamimina zebaki kwenye beseni lenye mchanga mzito, unaukanda kwa mikono mitupu kama mama anavyokanda unga wa chapati, mpaka dhahabu yote ishikane. Halafu unakamua kwa kitambaa, kinachobaki unakichoma. Moshi wake hauna harufu ya kutisha. Ungekuwa unanuka tungekimbia.

Nilifanya hivyo miaka kadhaa. Mwishoni vidole vyangu vilikuwa kama vya mtu aliyelalia mkono, na nikishika kikombe chai inacheza. Nilidhani ni njaa. Mke wangu, Mama Milembe, alipokuja kunitembelea kutoka Kishapu akaniona ninavyohangaika kufunga vifungo vya shati. Hakupiga kelele. Alinifunga vile vifungo, kisha akasema, "Baba Milembe, mimi sirudi nyumbani peke yangu. Ama turudi wote, ama utafute kazi nyingine nikiwa hapa hapa naona." Ndiyo nikaenda ziwani kuomba kazi ya kusukuma boti na kuchota mafuta.

Mwenye kambi alikuwa mfanyabiashara wa Mwanza, alikuja kwa nadra. Wageni walikuwa wahandisi wa migodini na watalii wachache. Kambi yenyewe iliendeshwa, kusema kweli, na mama mmoja Msumbwa wa Ushirombo, jina la ubatizo Konsolata, sisi tukimwita Mama Deo. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa mpeleka wageni wa kwanza pale. Alipofariki kwa ugonjwa, mama akabaki kama mtunza vifaa: anafungua rili, anaziosha chumvi ya jasho na mchanga, anazipaka mafuta, anavika mshipi mpya, anazijaribu. Botini hakupanda. Wavuvi wa pale hawakupenda mwanamke apande boti, na yeye hakubishana nao. Alikuwa anajaribia rili nyuma ya banda, kwenye uwanja mgumu, akirusha kipande cha madini ya risasi badala ya ndoana. Alikuwa na kindoo cha rangi kilichowekwa mbali kule, karibu na shimo la taka. Anarusha, risasi inaingia ndooni, kwii. Anavuta, anafuta rili kwa kitambaa, anachukua nyingine.

Mwanawe, Deogratias, alikuwa kijana wa umri wenu, tayari anaendesha boti. Yule ndiye alikuwa fundi. Nisiwadanganye, sijaona mtu anayerusha kama Deo. Alikuwa hata haangalii rili. Anaongea na mgeni, anacheka, mkono unafanya tu, na samaki wa plastiki anatua kando ya jiwe alilolitaka bila kishindo, kana kwamba mtu amemlaza juu ya maji. Mama yake alikuwa akisimama ufukweni na rozari yake mkononi, anajifanya anaangalia mawingu.

Upungufu wa watu ndio uliofanya wakaniambia na mimi nijifunze. Mama Deo akanipeleka nyuma ya banda. Wale vijana wa boti walikaa juu ya madumu kutazama Msukuma mzima anafundishwa na mwanamke.

"Wewe umechunga ng'ombe?" akaniuliza.

"Nimechunga, mama."

"Basi usirushe kama unampiga ng'ombe. Fimbo hii inajirusha yenyewe. Wewe kazi yako kuisindikiza."

Nikarusha kama ninampiga ng'ombe. Risasi haikwenda mbele hata kidogo, ilirudi nyuma ikapiga sufuria ya maharage jikoni, na bobini ikatoa mlio kama wa paka aliyekanyagwa. Nilipoangalia nikaona kiota kikubwa kuliko ngumi yangu. Vijana walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye dumu. Mama Deo hakucheka. Alinionyesha kukifungua, kama nilivyowaonyesha ninyi, kisha akaniambia nianze kwa kutengeneza breki.

Sikilizeni hapa, kwa sababu video zinapita haraka. Pembeni mwa rili, upande wa mkono wa kuzungushia, kuna kiskrubu kidogo. Funga chambo chako, nyanyua fimbo, bonyeza kitufe cha kuachia. Chambo kikianguka kama jiwe, kaza. Kisiposhuka kabisa, legeza. Unataka kishuke polepole, na kikigusa ardhi bobini isimame hapo hapo. Kila ukibadilisha chambo, unarudia, kwa sababu uzito umebadilika. Upande wa pili kuna breki nyingine yenye namba. Anza na namba kubwa. Utarusha karibu, na marafiki zako watakucheka, waache. Usivike mshipi ukajaa mpaka ukingoni. Usijifunze na chambo chepesi, na usijifunze kwa kurusha kuelekea upepo unakotoka. Jifunzieni uwanjani, sio bwawani. Maji yanakufanya ufikirie samaki, na wewe bado hujafika kwa samaki.

Halafu kidole. Kidole kinakaa juu ya bobini kabla ya kitu chochote. Unapobonyeza kitufe, kidole kimeshika. Unarusha, kidole kinaachia, lakini hakiondoki. Kinaelea. Kinagusa mshipi kama unavyogusa paji la uso la mtoto kujua kama ana homa. Ukihisi mshipi unanyanyuka, unavimba chini ya kidole, unagusa zaidi kidogo. Kabla chambo hakijagusa maji, unakandamiza. Ukichelewa, kiota.

Mimi nilikuwa nachelewa kila mara. Wiki zikapita nachelewa. Nikasema labda mimi sio mtu wa kazi hii. Siku moja Mama Deo akaniambia nikae chini, nifumbe macho, nimpe mkono. Akasema, "Nimekuwekea mshipi juu ya dole gumba. Ukihisi nauvuta, sema."

Nikakaa. Nikasubiri. Nikasikia kunguru, nikasikia injini huko ziwani.

"Mama, anza basi," nikasema.

Akasema, "Fumbua macho." Nikafumbua. Alikuwa anauvuta ule mshipi, unapita juu ya ngozi yangu, huku na huku, na mimi nauona lakini siuhisi. Sijui kama mnaelewa kuona kitu kinapita juu ya mwili wako kama vile ni mwili wa mtu mwingine.

"Ulikuwa unafanya kazi gani kabla hujaja hapa?"

Nikamwambia. Deo alikuwa ameegemea banda, anasikiliza.

Mama Deo hakuniambia pole. Alikata kipande cha mshipi mwembamba, akanifungia kwenye kifungo cha shati, akasema kila nikikaa nichezee kile kipande kwa dole gumba, nikitafute kilipo bila kuangalia. Nikafanya hivyo nikiwa botini, nikiwa kanisani, nikiwa nasubiri wali. Mke wangu alidhani nimeingia kwenye ushirikina. Na polepole, mimi mwenyewe siwezi kusema ilikuwa lini, kidole kikaanza kurudi. Kwanza kama sisimizi. Halafu siku moja nikarusha, na chini ya kidole nikahisi bobini inanguruma kama pumzi ya kitu hai, nikahisi mshipi unanyanyuka, nikagusa, ukalala. Risasi haikuingia ndooni, ilianguka karibu tu. Mama Deo akasema, "Umerudi." Neno hilo tu. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia, msimwambie mtu.

Daktari mmoja baadaye aliniambia nilipona kwa sababu niliacha mapema, na kwamba kuchezea mshipi hakukuwa na uhusiano wowote. Huenda ni kweli. Lakini Mama Deo alichokiona kwa macho yake ni mtu ambaye kidole kimekufa, akakifundisha, kikafufuka. Kumbukeni hilo.

Nilifanya kazi na Deo kwa miaka. Nilifanya makosa ya kila aina. Kuna mgeni mmoja nilitaka kumwonyesha ujuzi, nikarusha dhidi ya upepo. Bobini ikafumuka, mshipi ukakaza ghafla, ukakatika, na samaki wa plastiki wa bei mbaya akaenda zake angani mpaka tukampoteza machoni. Yule mgeni akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Huyo umempa nani?" Deo akamjibu, "Amemtolea Mungu fungu la kumi." Tulicheka mpaka boti ikayumba. Deo alikuwa hivyo.

Lakini samaki walikuwa wanapungua. Tulipoanza, mgeni alikuwa anapata sangara wa kumshinda kumbeba. Baadaye tukawa tunapiga picha na samaki wa saizi ya mkono, tunamwambia mgeni amsogeze karibu na kamera. Wageni wakapungua. Siku nyingine tulikaa kutwa tunapaka boti rangi ambayo haikuhitaji rangi. Deo alikuwa ana mchumba, anataka kujenga. Asubuhi moja tulikuwa tunaosha boti, akaniambia anakwenda mialoni, upande wa Nyarugusu, rafiki yake amepata nafasi kwenye karasha.

"Kufanya nini?" nikamuuliza.

"Kuchanganya."

Nikaacha kuosha. "Deo, ulikuwepo mama yako aliponifumbisha macho."

"Nilikuwepo, Baba Milembe. Na nilikuwepo ulipopona."

"Mimi niliwahi kutoka."

"Na mimi nitawahi. Msimu mmoja, nijenge, nirudi. Na nitavaa glavu."

"Hakuna anayevaa glavu. Ukivaa glavu huihisi dhahabu."

Akatabasamu. "Basi nitaivua nikifika kwenye dhahabu." Alipoona sicheki, akasema taratibu, "Mzee, nikibaki hapa nitazeeka ninawarushia wageni samaki ambao hawapo. Niambie ningefanya nini kingine, nami nitakaa."

Nilisimama na ile brashi mkononi, sikuwa na jibu. Mpaka leo nalitafuta. Vijana, mkitegemea kwamba sisi wazee tuna jibu la swali hilo, hatuna. Ningekuwa nalo ningelisema asubuhi ile.

Mama yake naye alimsihi. Nilisikia sauti yake ndani ya nyumba, sikusikia maneno. Baadaye akatoka, akamfungia chakula cha njiani, akamchorea msalaba kwenye paji la uso, akaenda kufungua rili moja ambayo alikuwa ameiosha jana yake.

Msimu mmoja ukawa miwili. Deo akajenga msingi. Ukawa mitatu, zikapanda kuta. Alikuwa anapiga simu kila Jumapili, mama akiweka sauti kubwa ili sote tusikie, na alikuwa anatania vile vile. Halafu simu zikawa fupi. Akawa mkali. Akimkatisha mama yake, anamwambia anamchosha na maswali. Mama Deo alikuwa akizima simu anasema, "Kazi zimemzidi." Mimi nilijua ule ukali. Nilikuwa nao, Mama Milembe anaukumbuka. Nikasema niende kumfuata, mwenye kambi akaniambia kuna wageni, nisubiri. Nilipokwenda nilimkuta amekaa nje ya chumba chake cha kupanga, amekonda, anamwagiwa maji ya kunawa na jirani.

"Mwangaluka, Deo," nikamwamkia kwa Kisukuma, kama mchezo wetu wa zamani, maana alipenda kunijibu kwa Kisumbwa.

Akaniangalia muda mrefu. "Shikamoo, mzee," akasema. "Nipeleke nyumbani."

Tulipofika kambini alishuka kwenye pikipiki akasimama mbele ya mama yake, mikono ameiingiza mifukoni. Mama akamwambia amsalimie vizuri. Akaitoa. Mikono ilikuwa inacheza, si kidogo kama yangu ilivyokuwa, ilicheza mpaka kiwiko. Mama Deo akaishika yote miwili, akaishikilia kifuani kwake, ikawa inamtikisa na yeye.

Hospitali walisema asirudi tena mialoni. Walisema kuna watu afya inarudi, kuna watu hairudi. Mama Deo alisikia nusu ya kwanza. Aligeuka akaniangalia mimi niliyekuwa nimekaa kwenye benchi, akasema, "Baba Milembe alirudi." Kuwepo kwangu pale, mzima, ninafunga vifungo vyangu, ndiko kulikompa matumaini, na sikuwa na namna ya kuyachukua.

Kwa hiyo akaanza. Kila asubuhi, baada ya uji ambao alimnywesha kwa kijiko, alimpeleka nyuma ya banda. Alichagua rili nzito kuliko zote, yenye mshipi mnene, breki ameikaza mpaka mwisho. Alimfungia kipande cha mshipi kwenye kifungo. Alisimama nyuma ya mwanawe, aliyemzidi urefu, akapitisha mikono yake kwapani mwake, akaweka dole gumba lake juu ya dole gumba la Deo, na dole gumba la Deo juu ya bobini. "Sasa," anasema. Wanarusha pamoja. Mkono wa kijana ukitikisika, risasi inakwenda upande, inaanguka karibu na miguu yao, na kiota kinajaa. Mama anakaa chini, anakifungua taratibu, anasimama. "Sasa."

Nilikuwa nikijifanya natengeneza injini. Wale vijana wa boti waliokuwa wakicheka zamani walikuwa wameondoka, na hata wangekuwepo wasingecheka. Mtu aliyekuwa analaza chambo juu ya maji bila kuangalia, sasa anaitazama bobini kwa macho yote mawili, jasho linamtoka, na bado hajui kama imeanza kuzunguka au imesimama.

Mvua zilikuja zikaenda, wakaendelea. Mchumba alikuja mara chache, kisha hakuja. Siwezi kumlaumu, hata Deo hakumlaumu. Siku moja, mama alikuwa amekaa chini anafungua kiota, na Deo amesimama juu yake na fimbo. Akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Mama, usinifundishe tena."

Mama Deo hakunyanyua kichwa. "Bado kidogo tu."

"Mama. Nilikuwa naijua. Kila ukinifundisha unanikumbusha kwamba nilikuwa naijua."

Mikono ya yule mama ikasimama kwenye kile kiota. Kisha akamalizia kukifungua, chote, mpaka kitanzi cha mwisho, akavuta mshipi wote ukalala sawa kwenye bobini, akaifuta rili kwa kitambaa, akaipeleka stoo. Kesho yake hawakwenda nyuma ya banda. Alimpa uji, wakakaa mlangoni, wakatazama ziwa.

Haukupita muda mwenye kambi akafunga. Hakuna aliyeshangaa. Akaja mnunuzi kutoka Mwanza kuchukua boti na vifaa. Alikuwa mtu mpole. Aliposhika zile rili akauliza kama kuna mtu anayeweza kumwonyesha kwamba zinafanya kazi, maana yeye alijaribu moja ikamfumukia. Mimi nikanyoosha mkono, lakini Mama Deo alishaichukua. Akaenda ufukweni, kwenye maji yenyewe, mahali ambapo sikuwahi kumwona akirusha. Akaweka kidole, akageuza fimbo, akarusha. Bobini ililia sauti moja nyembamba, ndefu, safi. Risasi ilikwenda, ikaenda, nikadhani haitatua. Alikandamiza, ikatua bila kurusha tone la maji. Mnunuzi akasema ameridhika. Nilimtazama Deo. Alikuwa amekaa juu ya boti iliyogeuzwa, mikono ameibana katikati ya magoti, na dole gumba lake la kulia lilikuwa limekandamiza la kushoto.

Mimi nikarudi huku, tukapanga nyumba hapa Ngokolo, karibu na mtoto wetu Milembe. Wao wakarudi Ushirombo kwa ndugu zao. Mtaniuliza sasa mjifunze nini. Rili nimewaeleza, na mkifuata nilivyosema, baada ya siku chache mtarusha. Lakini wawili wenu nimesikia mnapanga kwenda Geita baada ya mavuno, na mmoja ameshapata nafasi mwaloni. Nimeambiwa msipofanya hivyo hamna cha kufanya hapa. Nafahamu. Nimeyasikia maneno hayo kutoka kwa mtu bora kuliko ninyi na mimi, na sikuwa na la kumjibu. Sitawadanganya kwamba nimelipata tangu hapo.

Mwaka huu mikono yangu nayo imeanza tena kucheza. Mwanzoni nilisema ni baridi. Mke wangu ananiangalia. Daktari anasema huenda ni uzee, huenda ni ile zebaki ya zamani iliyokuwa imelala, hana hakika. Nilikuwa sijamwambia mtu nilipopanda basi kwenda Ushirombo kuwasalimu.

Mama Deo amezeeka, mgongo umeinama, lakini macho ni yale yale. Alifurahi. Alikuwa amenunua sato sokoni kwa ajili ya mgeni, akapika ugali wa muhogo, tukakaa mkekani watatu. Deo aliniuliza habari za Nkome, nikamwambia sina habari za Nkome. Tukacheka kidogo. Mama akavuta sahani ya Deo, akaanza kumtolea miba, mmoja mmoja, akipapasa nyama kwa ncha za vidole ili asiache hata ule mwembamba, huku akiniuliza habari za Milembe na watoto. Mimi nilikuwa nimeweka mkono wangu chini ya shuka nililojifunga, nasubiri mazungumzo yanoge ndipo nianze kula. Akamaliza sahani ya Deo, akamsogezea. Kisha, akiendelea kuongea kama vile hakuna kilichobadilika, akavuta na yangu.